Kusoma Midundo na Kuipiga Makofi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa wanakwaya, watu wa kinanda na gitaa, na wazazi ambao mtoto karudi nyumbani na karatasi ya nota hawajui waanzie wapi. Yanaanza mepesi yanaenda magumu, kama krocheti na kweva tayari unazijua ruka uende swali la 12. Humu hatugusi sauti ya juu wala ya chini, ni muda tu.

## Ya mwanzo kabisa

1. Kanisani napiga makofi vizuri tu, mbona nikiwekewa karatasi nashindwa?

Kwa sababu ni kazi mbili tofauti, na watu wengi hawajawahi kuambiwa hivyo. Kanisani, harusini, kwenye ngoma, unachopiga ni pigo, yaani ile hatua ya wimbo inayorudi sawasawa, ambayo hata mpita njia mguu wake unaifuata bila kuambiwa. Kwenye karatasi unachotakiwa kupiga ni mdundo, yaani nota zenyewe, na nota haziendi sawasawa, kuna ndefu, kuna fupi, kuna mahali pa kunyamaza, na pigo lenyewe liko chini yake halijaandikwa popote.

Sasa mtu akiambiwa "soma upige" anafanya moja kati ya mawili. Ama anapiga kofi kwa kila nota zote zikiwa na urefu mmoja, pa pa pa pa mpaka mwisho wa mstari, ama anajitahidi kufuata ndefu na fupi lakini pigo linampotea, kila baa inakuwa na spidi yake. Dawa ni kuvigawa mwilini: pigo likae mguuni, mdundo ukae mikononi, hesabu ikae mdomoni. Mguu hausimami hata mikono ikinyamaza. Karibu majibu yote huko chini yanarudi hapo, kwa hiyo ukikwama popote angalia mguu wako kwanza, mara nyingi utakuta umesimama zamani.

2. Pigo, mdundo, tempo, baa, vyote hivi si kitu kimoja?

Hapana. Pigo na mdundo tumeshatofautisha. Tempo ni spidi ya pigo, inapimwa kwa mapigo kwa dakika, kwa hiyo tempo 60 ni pigo moja kila sekunde. Baa ni fungu la mapigo, limekatwa kwa mstari wa wima kila upande, na pigo la kwanza la baa ndo lenye uzito. Unaweza kubadili tempo bila kugusa mdundo: wimbo uleule uimbe taratibu msibani, afu uimbe haraka kwenye shangwe, mdundo haujabadilika.

3. Lazima nijue do re mi kwanza?

Hapana kabisa, na mimi napendelea mtu aanze na mdundo peke yake. Anayejua sauti bila muda akipotea kwaya nzima inapotea naye, ila aliyeshika muda hata akikosea sauti moja anaikuta nota inayofuata mahali pake.

4. Mwalimu, mimi sina mdundo kabisa, hata kucheza siwezi, nitaweza?

Unaweza kutembea huku unaongea na simu? Basi una pigo. Kucheza ni kitu kingine, kuna aibu ndani yake, kuna viuno, kuna watu wanakuangalia, hapa hatuhitaji hayo. Tembea ndani ya chumba, hatua za kawaida, afu anza kuhesabu moja mpaka nne kila hatua namba moja, ukifika nne rudi moja. Ukishaweza dakika mbili bila hatua kuyumba, ongeza kofi kwenye "moja" peke yake. Wengi wanaosema hawana mdundo wanafanya hili siku ya kwanza tu.

5. Nahitaji vifaa gani?

Mikono, mguu, penseli, karatasi. Ongeza metronomu ya simu, ziko za bure kibao na hazina tofauti ya maana. Metronomu ni mashine ya kugonga pigo, ile ya mbao yenye mshale unaoyumba alichukulia hati miliki Johann Maelzel mwaka 1815, leo iko kwenye simu na inafanya kazi ileile. Weka 60, ukiona unaboreka weka 72. Usianze juu. Singeli inapita 200 kwa dakika ila hao wanaoiendesha hawakuanza kujifunzia huko.

Programu zinazokupa alama kwa kugusa kioo mimi sizipendi sana, zinafundisha kidole kufukuzana na picha, mguu haufundishwi kitu.

## Alama zenyewe

6. Nota zinaitwaje na kila moja inachukua mapigo mangapi?

Tukichukulia krocheti ni pigo moja (kuna wakati sio, tazama swali la 8):

Semibrevi ni yai tupu lisilo na mkia, mapigo manne. Minimu ni yai tupu lenye mkia, mapigo mawili. Krocheti ni nyeusi yenye mkia, pigo moja. Kweva ni nyeusi yenye mkia na bendera moja, nusu pigo. Semikweva ina bendera mbili, robo pigo.

Kila unaposhuka unagawa kwa mbili, hamna kingine cha kukariri. Kweva zikikaa mbilimbili au nnenne bendera zinaunganishwa zinakuwa ufito mmoja juu, watu wanaziogopa wakidhani ni nota mpya, ni zilezile tu zimefungwa pamoja ili jicho lione pigo linaanzia wapi. Mkia kwenda juu au kwenda chini hauna maana yoyote kwenye muda.

7. Video za mtandaoni hazisemi krocheti wala kweva, wanasema nini?

Wamarekani wanaita kwa sehemu: semibrevi ni nota nzima, minimu nota nusu, krocheti nota ya robo, kweva nota ya nane, semikweva ya kumi na sita. Sisi huku Kenya, Uganda na Tanzania tulirithi majina ya Waingereza. Majina ya Kimarekani yana akili zaidi nikisema ukweli, kwa sababu yanakuelezea hapohapo namba ya chini ya swali linalofuata.

8. Zile namba mbili mwanzoni mwa wimbo, 4/4, 3/4, 6/8, zinasomwaje?

Ya juu inakuambia ndani ya baa kuna vitu vingapi, ya chini inakuambia ni vitu gani. 4 chini ni robo, yaani krocheti. 2 chini ni nusu, yaani minimu. 8 chini ni kweva. Kwa hiyo 3/4 ni krocheti tatu kwa baa, 2/2 ni minimu mbili, na hapo kwenye 2/2 pigo ni minimu, krocheti inageuka kuwa nusu pigo. Ndo maana nikasema "krocheti ni pigo moja" sio sheria ya dunia nzima. Ukiona herufi C badala ya namba ni 4/4, C iliyokatwa na mstari ni 2/2.

Hizi namba sio hesabu ya sehemu, usijaribu kurahisisha 4/4 iwe 1. Na 6/8 ina mambo yake, swali la 22.

9. Nukta pembeni ya nota inafanya nini?

Inaongeza nusu ya nota yenyewe. Minimu mapigo mawili, ikiwekewa nukta inakuwa matatu. Krocheti pigo moja, ikiwekewa nukta ni pigo moja na nusu. Hiyo ya pili ndo inayoua watu, kwa sababu inaishia katikati ya pigo na kweva inayoifuata inaingia pale ambapo mguu uko hewani. Namna ya kuipiga iko swali la 13.

Angalia nukta iko wapi. Pembeni kulia inarefusha. Juu au chini ya kichwa cha nota inakuambia uikate fupi, sio mambo ya mapigo hayo.

10. Pumziko napiga nini?

Hupigi. Ila unahesabu, na mguu unaendelea. Fungua mikono, viganja viangalie juu, kwa muda wote wa pumziko, ili mwili ujue kimya nacho kina urefu. Kila nota ina pumziko lake lenye urefu sawa na yeye, la krocheti linafanana na radi iliyochorwa kwa haraka, la minimu ni kofia iliyokaa juu ya mstari, la semibrevi ni kofia hiyo imening'inia chini ya mstari. Kosa la wengi ni kufanya kimya kifupi, yaani mtu akinyamaza anaona kama anapoteza muda anaruka kwenda nota inayofuata.

11. Upinde unaounganisha nota mbili je?

Kama nota zote mbili ziko sauti moja, huo ni tai, unazijumlisha unapiga kofi moja tu kwenye ya kwanza. Kama ziko sauti tofauti ni alama ya kuunganisha pumzi tu, kwenye makofi unapiga zote mbili. Tai ipo kwa sababu nota haiwezi kuruka mstari wa baa, ikitaka kuvuka inaandikwa mbili zinafungwa.

## Kupiga makofi

12. Kofi ni fupi, sasa minimu na semibrevi nazipigaje?

Swali zuri, na hapa ndo kwaya nyingi zinaharibu. Ukipiga kofi ukaachia, kwako nota imeisha, masikio yanasubiri kitu kingine na mkono unawashwa. Utakuta mstari una minimu mbili, teno wamepiga ya kwanza vizuri, afu kabla mguu haujagonga tatu kuna mmoja ameshapiga ya pili, na wenzake watatu wamemfuata kwa sababu walikuwa wanamsikiliza yeye, sio pigo.

Ukipiga nota ndefu usiachanishe viganja. Piga, vikae vimeshikana, afu vibane kidogo kwenye kila pigo linalofuata. Minimu ni piga-bana. Minimu yenye nukta ni piga-bana-bana. Semibrevi ni piga-bana-bana-bana. Unaachanisha pale tu nota inapokwisha. Hapo mkono wenyewe unakuonyesha nota bado ipo hai, na anayekuangalia kutoka mbele anaona nani ameachia mapema. Pumziko ni viganja wazi (swali la 10), kwa hiyo nota ndefu na kimya havifanani tena hata kama vyote havina mlio.

13. Nahesabu vipi? Nikisema "moja na mbili na" ulimi unajikwaa.

Toa hiyo "na". Waalimu wengi wanaichukua kutoka kwa hesabu ya Kiingereza ambapo namba ni silabi moja kwa hiyo wanahitaji kitu cha kujazia nusu ya pili ya pigo. Namba zetu nne za kwanza zote zina silabi mbili: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne. Silabi ya kwanza inakaa mguu ukigonga, ya pili mguu ukiwa juu. Kweva zimeshajigawa zenyewe.

Sasa rudi kwenye krocheti yenye nukta na kweva, halafu minimu, ndani ya 4/4. Unapiga kwenye "mo", unashikilia "ja-mbi", unapiga kwenye "li", unapiga kwenye "ta", unabana mpaka mwisho. Taratibu: MO-ja-mbi-LI-TA-tu-n-ne. Hamna kukisia pigo na nusu linaishia wapi, linaishia kwenye "li". Fanya hii mara nyingi mpaka "li" ikusumbue usingizini, kwa sababu mchoro huu uko kwenye nyimbo za kwaya kila mahali.

Kwa semikweva namba hazitoshi, hamia kwenye silabi za swali la 15.

14. Nionyeshe zoezi moja la kuanzia, hatua kwa hatua.

Baa nne za 4/4, andika kwenye karatasi yako mwenyewe:

Baa ya kwanza: krocheti, krocheti, kweva mbili, krocheti.
Baa ya pili: minimu, krocheti, pumziko la krocheti.
Baa ya tatu: krocheti yenye nukta, kweva, minimu.
Baa ya nne: semibrevi.

Kwanza chukua penseli chora kijimstari kidogo juu ya kila mahali mguu utakapogonga. Baa ya kwanza mistari minne, wa tatu unakaa juu ya kweva ya kwanza kati ya zile mbili. Baa ya tatu wa kwanza uko juu ya krocheti yenye nukta, wa pili uko kwenye nafasi tupu baada yake, juu ya ile nukta, sio juu ya kweva. Wa tatu juu ya minimu, wa nne nafasi tupu. Ukiweza kuchora hivi bila kukosea umeshaisoma, kupiga ni utekelezaji tu.

Pili, washa mguu, hesabu baa nzima tupu kabla ya kuingia. Tatu, sema hesabu huku unapiga hewani bila mlio. Nne, piga. Usiunganishe baa zote siku hiyohiyo, piga ya kwanza mpaka ichoke, afu ya pili, afu mbili pamoja. Pale kati ya baa ya pili na ya tatu ndo patakapokushika, kwa sababu unatoka kwenye kimya unaingia nota yenye nukta.

15. "Ta, titi" zina kazi gani? Si bora nitumie maneno ya Kiswahili?

Zina kazi, zinaupa mdomo kitu cha kutamka chenye urefu sawa na nota. Zilianzia Ufaransa karne ya 19 kwa Aimé Paris, Mwingereza John Curwen akazichukua kwa ajili ya sol-fa (kuandika do re mi kwa herufi), baadaye Wahungari waliofuata njia ya kufundisha ya mtunzi wao Kodály wakazisambaza mashuleni. Krocheti "ta", kweva mbili "ti-ti", semikweva nne "tiri-tiri", kweva na semikweva mbili "ti-tiri", kinyume chake "tiri-ti".

Maneno ya Kiswahili yanafaa ila chagua kwa uangalifu, kwa sababu mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. "Baba" ni kweva mbili safi, mkazo uko mwanzo kama pigo lilivyo. "Morogoro" kwa semikweva nne inakubali. Ila watu wanapenda kutumia "karanga" au "chakula" kwa nota tatu zinazogawana pigo moja, na hapo mkazo uko kwenye "ra" na "ku", kwa hiyo darasa zima linaanza kuvuta katikati na zile tatu hazilingani tena. Kwa tatu zinazolingana kwenye pigo tumia "tri-o-la" au chochote kisicho neno.

16. Kila mara naharakisha, mwisho wa wimbo niko mbele ya wenzangu.

Karibu kila mtu anaharakisha na karibu kila mara ni sehemu mbili: kwenye kweva nyingi mfululizo, kwa sababu mikono ikiwa na kazi nyingi mwili unadhani spidi imepanda, na kwenye mapumziko (swali la 10). Weka metronomu 60 upige mstari, afu weka 50, afu 40. Ndiyo, shuka. Kupiga taratibu sana ni kugumu kuliko haraka, na ukiweza 40 bila kuitangulia metronomu, 80 utaiona ya mchezo.

Ukiweza, fanya pia hivi: metronomu iweke igonge pigo la kwanza na la tatu tu, ya pili na ya nne uyajaze mwenyewe.

17. Nikikosea nirudi mwanzo?

Usirudi. Mguu uendelee, acha nota zilizokupita, ingia kwenye "moja" ya baa inayofuata. Anayerudi mwanzo kila akikosea anakuwa bingwa wa baa mbili za kwanza peke yake. Ukimaliza ndo urudi kwenye ile baa iliyokushinda, hiyo tu, swali la 14 linakuonyesha namna.

18. Nifanye dakika ngapi kwa siku? Na majirani?

Dakika kumi kila siku zinazidi saa nzima ya Jumamosi. Majirani wakilalamika au mtoto kalala, piga vidole viwili juu ya kiganja, au gonga paja. Viganja vikiuma unapiga kwa nguvu mno, legeza kiganja kimoja kiwe kama bakuli.

## Kwa waliozoea sol-fa

19. Naimba sol-fa miaka yote, kwenye nota za mistari mitano nianze upya?

Hauanzi upya, mdundo tayari unausoma, umeandikwa kwa alama nyingine tu. Curwen aliichukua sol-fa ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, akaipanga upya, wamisionari wakaileta Afrika, na alama zake za muda ni hizi unazoziona kila Jumapili. Mstari wa wima ni mwanzo wa baa. Nukta mbili zilizopandana zinatenganisha pigo na pigo. Nukta moja katikati inagawa pigo nusu kwa nusu. Koma inagawa robo. Kistari kinasema endelea kushikilia. Nafasi tupu ni kimya.

Kwa hiyo zoezi la swali la 14 kwa sauti moja ya do lingeandikwa hivi:

| d : d | d . d : d | d : – | d : | d : – . d | d : – | d : – | – : – ||

Kumbuka kwenye 4/4 ya sol-fa mstari wa katikati ya baa unakuwa mfupi, unaonyesha pigo la tatu lenye uzito wa wastani, sio baa mpya (hapo juu mistari yote imeandikwa sawa, kwa hiyo kila baa ni mafungu mawili). Angalia baa ya tatu, kistari kimekaa mwanzo wa pigo la pili, nukta, afu d. Hiyo ndo krocheti yenye nukta na kweva.

20. Basi ipi ni bora?

Kwa muda, mimi naona sol-fa inaonyesha pigo wazi kuliko mistari mitano, kwa sababu kila pigo lina kibanda chake hata kama halina nota mpya. Mistari mitano inakuficha pigo lakini jicho likizoea linaona umbo zima la baa kwa mara moja, na mpiga kinanda, gitaa au tarumbeta atakupa hiyo sio sol-fa. Kama unakusudia mitihani ya muziki ya ABRSM ya Uingereza au muziki wa sekondari Kenya, mistari mitano haikwepeki.

## Kona ngumu

21. Wimbo unaanza na nota moja kabla ya mstari wa baa, hiyo nahesabuje?

Baa ya mwanzo haijajaa, ni kawaida. Kama ni krocheti moja kwenye 4/4 hiyo ni "nne", hesabu "moja mbili tatu" kimya ndo uingie. Deni lake mara nyingi linalipwa na baa ya mwisho inayokuwa na mapigo matatu, ili ubeti wa pili uungane bila kuruka. Usiipige kwa nguvu, uzito unakuja baada ya mstari.

22. 6/8 na 3/4 zote zina kweva sita, tofauti iko wapi?

Iko kwenye mafungu. 3/4 ni mbili-mbili-mbili, mapigo matatu. 6/8 ni tatu-tatu, mapigo mawili, na kila pigo ni krocheti yenye nukta. Kwenye 6/8 mguu unagonga mara mbili kwa baa sio mara sita, na hapo hesabu ya silabi mbili inakuwa nzito, kata namba zibaki silabi moja: MO-mbi-ta-NE-ta-si.

Ukitaka kuisikia mwilini sikiliza chakacha ya Mombasa na Lamu, kiuno kinakwenda kwa mbili huku ngoma zinakata kwa tatutatu. Ukishaicheza hiyo 6/8 haitakutisha tena.

23. Tatu juu ya mbili napigaje?

Ni swali la 22 lote kwa wakati mmoja, mkono mmoja 3/4 mwingine 6/8. Hesabu kweva sita. Mkono wa kulia ugonge paja kwenye moja, tatu, tano. Wa kushoto kwenye moja na nne. Utakachosikia ni: wote, kimya, kulia, kushoto, kulia, afu kimya cha sita. Usijaribu kufikiria mikono miwili inayofanya vitu viwili, ukijaribu utachanganyikiwa, jifunze kama mdundo mmoja unaotoka kwa mikono miwili. Anza kwa kuhesabu taratibu sana, ukishazoea acha namba.

24. Sinkopa ni nini na mbona naikosea hata nikiielewa?

Ni uzito kukaa pale mguu usipogonga. Mchoro wa kawaida ni kweva, krocheti, kweva: unapiga "mo", unapiga "ja" unaishikilia juu ya "mbi", unapiga "li". MO-JA-mbi-LI. Unaikosea kwa sababu mguu unataka kuandamana na mkono, ukishapiga "ja" mguu nao unahamia huko. Kaa kwenye kiti, mtu akugongee mezani pigo kwa kalamu, usiache ligeuke.

Ukitaka ya utamu zaidi chukua klavu ya Cuba, mdundo wa makofi matano unaorudiarudia, ambao rumba ya Kongo iliupata kupitia sahani za santuri za Cuba zilizoingia miaka ya 1930 na 1940, na kutoka huko ukaingia kwenye muziki wetu wa dansi. Baa mbili za 4/4 kwa hesabu ileile: baa ya kwanza piga MO, LI, na ile N ya mwanzo wa nne. Baa ya pili piga MBI na TA. Makofi matano tu. MO-ja-mbi-LI-ta-tu-N-ne, mo-ja-MBI-li-TA-tu-n-ne. Mguu ukibaki sawa hapo, sinkopa za kwaya zitakuwa nyepesi sana.

25. Mbona kwenye nyimbo za tafsiri maneno yanagombana na mdundo?

Kwa sababu tuni iliandikwa kwa lugha nyingine. "Mwokozi" mkazo uko "ko", kwa hiyo neno linataka "mwo" ikae kabla ya mstari na "ko" ikae kwenye moja. Tuni ikianza moja kwa moja kwenye pigo zito unaimba MWOkozi, na sikio linakataa hata kama hujui sababu. Unapopiga makofi fuata nota, acha maneno pembeni kabisa, afu ukirudisha maneno punguza uzito wa pigo kidogo pale yanapogombana. Kubadilisha nota ili neno likae vizuri ni kazi ya mtunzi au mwalimu wa kwaya, sio ya soprano mmoja kwa uamuzi wake.

26. Tunaweza kufanya mazoezi ya makofi pamoja kwa simu ya video? Nusu ya kwaya iko nje ya nchi.

Kwa pamoja haiwezekani. Sauti inachelewa kidogo kwa kila mtu na kila mmoja kiasi chake, kwa hiyo kofi la Muscat linafika Dar limechelewa, wa Dar anamsubiri, tempo inashuka mpaka inasimama. Wote wazime maikrofoni, anayeongoza peke yake aache wazi, wengine wapige naye kwao. Kusahihisha, kila mtu arekodi sauti akiwa na metronomu iliyowekwa tempo mliyokubaliana, iwe inasikika kwa mbali, atume. Hapo unasikia nani anatangulia pigo na nani anafupisha kimya.

27. Mdundo wa ngoma za kwetu unaweza kuandikwa hivi?

Mwingi unaweza, kwa kiasi. Vipigo vinavyorudiarudia unaviandika kwa kweva na semikweva bila shida, mara nyingi 6/8 au 12/8. Shida inaanza pale wapigaji watatu kila mmoja anaisikia "moja" mahali pake, kwa sababu mstari wa baa unalazimisha wote wawe na "moja" ileile. Namna inayofaa ni kumwandikia kila mpigaji mstari wake na kuweka juu yao mstari wa miguu ya wachezaji, maana wachezaji ndo wenye pigo.

Ila ukiwa unajifunza, piga kwanza afu ndo uandike. Kaa karibu na anayepiga, mguu wako ufuate miguu ya wachezaji, kopi kwa makofi sehemu moja tu mpaka asikuangalie tena kwa jicho baya, ndo uchukue penseli.